Van der Graaf Generator: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bendi iliyorudi studio baada ya miaka 27

## Mambo ya msingi

Van der Graaf Generator ni akina nani?

Ni bendi ya roki ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1967 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Manchester, Peter Hammill na Chris Judge Smith. Judge Smith aliondoka mapema, Hammill akabaki kuwa mwimbaji na mtunzi mkuu. Watu waliingia na kutoka, hadi mwaka 1970 kikapatikana kikosi ambacho kwa mashabiki wengi ndicho hasa: Hammill kwenye sauti, piano na gitaa, Hugh Banton kwenye ogani, Guy Evans kwenye ngoma, David Jackson kwenye saksafoni na filimbi.

Wanne hao ndio waliotengana, na ndio waliokutana tena mwaka 2004 kurekodi albamu ya Present, iliyotoka Aprili 2005. Maswali mengi hapa chini yanahusu kurudi huko. Bendi nyingi za kizazi chao zimerudiana, lakini nyingi zilirudi kupiga nyimbo za zamani kwa watu waliozeeka nazo. Hawa walianza na nyimbo mpya, na hilo ndilo linalofanya habari yao istahili kusimuliwa.

Jina hilo limetoka wapi?

Kwenye mashine ya fizikia. Robert Van de Graaff, Mmarekani, alibuni mtambo unaokusanya umeme tuli wa volti nyingi kwa kutumia mkanda unaozunguka, ule ambao ukiugusa nywele zinasimama. Judge Smith alikuwa na orodha ya majina ya bendi, likachaguliwa hilo. Tahajia ilikosewa na ikaachwa hivyo hivyo. Ukiwatafuta mtandaoni, andika jina kama walivyoliandika wao, la sivyo utaletewa picha za maabara.

Roki ya progresivu ni muziki gani?

Ni roki iliyoshamiri Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ambamo wanamuziki walikataa kufungwa na wimbo wa dakika tatu. Walichanganya roki, jazi na muziki wa kanisani na wa okestra, wakabadilisha mapigo katikati ya wimbo, na wakati mwingine wimbo mmoja ukajaza upande mzima wa santuri. Msikilizaji aliyekulia kwenye taarab asilia, ambako kinanda na fidla huachiwa nafasi ya kuzungumza kabla mwimbaji hajafungua kinywa, hatashtushwa na urefu. Kitakachomshtua ni ukali.

Kwa sababu Van der Graaf Generator ni wakali. Bendi nyingine za aina hii zilipenda uzuri na ufundi wa vidole. Hawa walikuwa na kelele, hofu, na mwimbaji anayenong'ona mstari mmoja kisha kuupasua unaofuata kwa yowe.

Ni kweli hawakuwa na gitaa?

Karibu kweli. Hammill hupiga gitaa, lakini nafasi ambayo bendi nyingine humpa mpiga gitaa la solo, kwao ilishikwa na saksafoni na ogani. Jackson alipiga saksafoni mbili kwa wakati mmoja, zote mdomoni, na akazitia umeme kwa vifaa vya kubadilisha sauti kama vile vya wapiga gitaa. Robert Fripp wa bendi ya King Crimson alialikwa kupiga gitaa kwenye albamu za H to He, Who Am the Only One (1970) na Pawn Hearts (1971), lakini hakuwa mwanachama.

Besi nayo ina habari yake. Nic Potter, aliyekuwa akipiga gitaa la besi, alipoondoka mwaka 1970, hawakupata mwingine wa kudumu. Banton akaanza kupiga besi kwa miguu, kwenye pedali za ogani, huku mikono yake ikiendelea na kazi nyingine juu. Banton aliwahi kuwa fundi wa BBC, na ogani zake alizifungua na kuzichokonoa mwenyewe hadi zikatoa milio ambayo kiwanda hakikuikusudia.

Walikuwa maarufu kiasi gani?

Nyumbani kwao, kidogo tu. The Least We Can Do Is Wave to Each Other ya mwaka 1970 ilifika nafasi ya 47 Uingereza. Mwanzoni mwa mwaka 1971 kampuni yao, Charisma, iliwazungusha nchi nzima pamoja na bendi za Genesis na Lindisfarne kwa kiingilio cha shilingi sita za Kiingereza, bei ya makusudi ili vijana wamudu.

Italia ilikuwa habari nyingine. Pawn Hearts ilishika namba moja huko, na walipofika mwaka 1972 walipokelewa kwa vurumai ambayo hawakuwahi kuiona kwao. Hadi leo Italia ni nyumba yao ya pili. Katika albamu ya mwaka 2016 kuna wimbo, Alfa Berlina, unaokumbuka safari zile za barabarani.

## Kuvunjika

Walivunjika mara ngapi?

Mara mbili zinazohesabika, ukiacha misukosuko ya mwanzo kabla kikosi cha wanne hakijakamilika.

Ya kwanza ni mwaka 1972, muda mfupi baada ya mafanikio ya Italia. Walirudiana mwaka 1975 na ndani ya mwaka mmoja hivi wakatoa albamu tatu: Godbluff, Still Life na World Record. Halafu Banton akaondoka mwishoni mwa 1976, Jackson akafuata mwaka 1977. Hammill na Evans waliendelea kwa muda na watu wengine (tazama swali la jina fupi, chini kabisa), hadi mwaka 1978 bendi ikafungwa.

Kwa nini walivunjika? Waligombana?

Ugomvi haukuwa chanzo. Uchovu na pesa vilikuwa chanzo. Mwaka 1972 walikuwa wamepigishwa maonyesho mfululizo, mengine mawili kwa siku, na mfukoni hamkuwa na cha kuonyesha. Katika kipindi cha pili kazi ilikuwa nzito vilevile, watu walikuwa na familia, na bendi ya namna hii haikuwa na wimbo wa redioni wa kulipa deni.

Naona jambo hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Bendi iliyovunjika kwa chuki huhitaji wanasheria ili irudiane. Hawa walihitaji nafasi kwenye kalenda tu, kwa sababu urafiki ulibaki. Hammill alipoendelea peke yake, Jackson, Evans na Banton waliendelea kuonekana kwenye albamu zake kwa nyakati tofauti.

Walikuwa wakifanya nini miaka yote hiyo?

Hammill hakusimama kabisa. Alikuwa na albamu zake binafsi tangu mwaka 1971, na baada ya 1978 alizitoa karibu kila mwaka, akajenga studio yake, akaanzisha lebo yake, na mwaka 1991 akatoa opera aliyoiandika pamoja na Judge Smith yule yule wa Manchester.

Banton alirudi kwenye kitu alichokipenda tangu utotoni: akawa fundi na mjenzi wa ogani, na akarekodi Goldberg Variations za Bach kwa ogani yake. Evans alikuwa mmoja wa kundi la Echo City, waliojenga viwanja vya michezo ambamo watoto hupiga muziki kwa kugonga mabomba makubwa ya plastiki. Jackson aliingia kwenye ualimu, kisha akatumia kifaa cha Soundbeam, kinachogeuza mwendo wa mwili kuwa sauti, kufanya muziki na watu wenye ulemavu. Mtoto asiyeweza kushika ala aliweza kuongoza sauti kwa kuinua mkono au kugeuza kichwa.

Ukiijua kazi hiyo, unaelewa kwa nini waliporudi hawakusikika kama watu waliokuwa wamelala. Kila mmoja aliingia chumbani na miaka zaidi ya ishirini ya mambo mapya.

Katika muda huo hawakuwahi kupiga pamoja hata mara moja?

Walipiga, kwa vipande. Novemba 1996 Hammill na Evans walifanya onyesho katika Union Chapel, London, Jackson na Banton wakapanda jukwaani, na wanne wakapiga Lemmings, wimbo wa kufungulia Pawn Hearts. Onyesho hilo lilitoka kwenye CD mwaka uliofuata. Mwaka 2003, katika onyesho la Hammill kwenye ukumbi wa Queen Elizabeth Hall, London, wale watatu walijitokeza na kupiga naye wimbo wa Still Life. Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya kweli yalipoanza.

## Kurudi

Ni nini hasa kilichowarudisha?

Mazungumzo ya mwaka 2003 yaliwasha moto, lakini Desemba mwaka huo Hammill alipatwa na mshtuko wa moyo. Alikuwa na miaka 55, na alikuwa ametoka tu kumaliza albamu yake ya Incoherence. Alipona. Baada ya tukio kama hilo, watu wanne waliokuwa wakiambiana "siku moja" kwa zaidi ya robo karne walijua kwamba siku moja hiyo huenda isije.

Hakukuwa na kampuni iliyowapa mkataba kwanza, wala tarehe ya ziara iliyotangazwa kabla hawajashika ala. Hilo likae akilini unaposoma jibu linalofuata.

Present ilirekodiwa vipi?

Walijifungia katika nyumba ya zamani ya kasisi kwenye kijiji cha Pyworthy, kaunti ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Walikwenda na mitambo yao ya kurekodia, bila prodyuza wa nje, na mambo yalifanywa kwa siri. Mashabiki hawakujua. Makubaliano yalikuwa mepesi: tupige tuone. Kikitoka kitu, vizuri. Kisipotoka, kila mtu arudi kwake na hakuna aliyeahidiwa chochote.

Wakapiga, wakaacha mitambo ikizunguka. Vilivyotoka vilikuwa vya aina mbili: nyimbo zilizotungwa, na saa nyingi za kupiga bila mpango, kila mtu akimsikiliza mwenzake na kujibu. Hammill alikwenda kuchanganya sauti kwenye studio yake. Charisma, lebo yao ya zamani, ilikuwa sasa chini ya EMI, na albamu ikatoka ikiwa na nembo hiyo ya zamani.

Kama kuna siri katika kurudi kwao, naamini iko katika chumba kile. Bendi inayoanza na ziara lazima ijifunze upya nyimbo za zamani, na ikishazijua, nyimbo mpya hulazimika kufanana nazo. Wao walianza bila cha kufanana nacho.

Kwa nini ni CD mbili?

Ya kwanza ina nyimbo sita zilizotungwa. Ya pili ina vipande kumi vya kupiga papo kwa papo kutoka siku zile za Pyworthy. Wasikilizaji wengi huiruka hiyo ya pili, na wa mara ya kwanza anaweza kufanya hivyo bila dhambi. Lakini usiiache moja kwa moja. Ndiyo inayokuonyesha jinsi watu wanne wanavyotafutana: Evans anabadilisha pigo bila kutoa ishara, Jackson analidaka, Banton anaweka besi chini yao kwa mguu. Uelewano huo ulijengwa kati ya 1970 na 1976, na haukuwa umeondoka.

Je, albamu yenyewe ni nzuri, au ni huruma ya mashabiki?

Ni nzuri. Haina uzito wa Pawn Hearts wala ukamilifu wa Godbluff, na kuna nyimbo mbili ambazo zingeweza kukatwa. Lakini sikiliza wimbo wa kwanza, Every Bloody Emperor. Hammill anaimba kuhusu watawala, kila mfalme aliyelaaniwa mwenye damu mikononi, na jinsi wanavyotuzoesha uongo mpaka tuuone kuwa kawaida. Mwanzo ni wa taratibu, karibu mazungumzo. Kisha ogani inajaza chumba, saksafoni inaingia juu yake, na sauti ya mtu wa miaka hamsini na zaidi inapanda hadi pale pale ilipokuwa ikipanda akiwa na ishirini na tatu, ikiwa na mikwaruzo zaidi na hasira iliyokomaa.

Boleas Panic, wimbo usio na maneno, ni mali ya Jackson. Nutter Alert ndio unaokwenda mbio, wenye vichekesho vyeusi ndani yake.

Onyesho la kwanza lilikuwaje?

Lilifanyika tarehe 6 Mei 2005, katika Royal Festival Hall, London, wiki mbili hivi baada ya albamu kutoka. Rekodi yake ilitolewa mwaka 2007 kwa jina Real Time.

Walianza na The Undercover Man, wimbo wa kufungulia Godbluff, na hawangeweza kuchagua vizuri zaidi. Unaanza karibu na ukimya: filimbi inarudia noti chache, ngoma zinaguswa kwa mbali, Hammill ananong'ona. Ukumbi uliosubiri tangu miaka ya 1970 ukalazimika kunyamaza ili usikie. Baadaye usiku huo walipiga Man-Erg, na Killer, ule wa papa anayeishi peke yake kilindini kwa sababu huua kila kinachomsogelea. Katikati ya nyimbo hizo waliweka mbili za Present, na kwenye rekodi hausikii ukumbi ukipoa.

## Baada ya kurudi

Mbona David Jackson hayumo tena?

Baada ya maonyesho ya mwaka 2005 njia zilitengana, na mwaka 2006 ilijulikana kwamba Hammill, Banton na Evans wangeendelea bila yeye. Hakukuwa na kurushiana maneno hadharani. Jackson ameendelea na muziki: amefanya kazi na bendi ya Osanna ya Italia, na mwaka 2018 alitoa Another Day pamoja na David Cross, mpiga fidla aliyekuwa King Crimson.

Kwa wapenzi wengi wa bendi hili liliuma, na bado linauma. Present ndiyo albamu ya pekee ya studio ya wanne baada ya 1976.

Bendi bila saksafoni bado ni bendi ile ile?

Hawakumtafuta mtu wa kuziba pengo la Jackson, na huo ulikuwa uamuzi wa heshima. Walibadilisha muziki. Katika Trisector (2008) gitaa la Hammill limesogea mbele, na katika wimbo kama Interference Patterns vinanda viwili, chake na cha Banton, vinapishana kwa mapigo yanayolingana na kuachana. Ikafuata A Grounding in Numbers (2011), nyimbo fupi fupi. Kisha ALT (2012), isiyo na uimbaji, kwa walioipenda ile CD ya pili ya Present. Kisha Do Not Disturb (2016).

Kwa wanaodhani watatu ni nusu ya kitu, jibu liko kwenye A Plague of Lighthouse Keepers, wimbo wa dakika 23 hivi uliojaza upande wa pili wa Pawn Hearts. Ni habari ya mlinzi wa mnara wa taa anayeona meli zikivunjika na hana la kufanya. Ulijengwa studio, kipande juu ya kipande. Walipouonyesha kwenye televisheni ya Ubelgiji mwaka 1972 ilibidi upigwe kwa vipande. Mwaka 2013, wakiwa watatu, wote wakiwa wamevuka miaka sitini, waliupiga wote mfululizo jukwaani. Sikiliza rekodi ya Merlin Atmos (2015).

Wamewahi kutoka Ulaya tangu warudi?

Ndiyo. Mwaka 2009 walipiga NEARfest huko Pennsylvania, Marekani, tamasha la roki ya progresivu. Kabla ya hapo, onyesho lao linalokumbukwa Marekani ni la Beacon Theater, New York, Oktoba 1976, siku za mwisho za kikosi cha wanne.

Bado wapo?

Mwaka 2022 walirudi jukwaani baada ya maonyesho kuahirishwa kwa ajili ya UVIKO-19, na onyesho la Bath la mwaka huo limetolewa kama rekodi. Mwaka 2021 lilitoka pia boksi la The Charisma Years, linalokusanya kazi za 1970 hadi 1978.

## Maswali ya pembeni

Nimeona santuri imeandikwa "Van der Graaf" tu. Ni bendi nyingine?

Ni hao hao, wakiwa wamekatwa jina na nusu ya watu. Banton na Jackson walipoondoka, Hammill na Evans walimrudisha Nic Potter kwenye besi na kumleta Graham Smith kwenye fidla. Kwa jina hilo fupi zilitoka The Quiet Zone/The Pleasure Dome (1977) na Vital (1978), iliyorekodiwa klabu ya Marquee, London. Vital ni kelele tupu, kwa maana nzuri. Potter alifariki mwaka 2013.

Walikaa mbali miaka 27 au 28?

Inategemea unahesabu nini. Kutoka Vital hadi Present ni miaka 27. Ukihesabu wanne wale kurekodi albamu pamoja, kutoka World Record ya 1976 hadi siku za Pyworthy mwaka 2004, ni 28.

Mbona watu wa panki, ile roki fupi na ghafi ya miaka ya 1970, waliochukia roki ya progresivu, hawakuwagusa?

Kwa sababu mmoja wao aliwapenda hadharani. Mwaka 1977 John Lydon wa Sex Pistols alialikwa Capital Radio, London, kupiga muziki anaoupenda, naye akaweka nyimbo za Nadir's Big Chance, albamu ya Hammill ya mwaka 1975. Ukiisikiliza utaelewa: ni gitaa chafu na sauti ya mtu aliyechoka kubembeleza. Na wapigaji nyuma yake ni Banton, Evans na Jackson.

Nianzie wapi?

Anza na Godbluff. Ina nyimbo nne tu, sauti yake ni safi, na kila mmoja wa wanne unamsikia mahali pake. Kisha nenda Pawn Hearts ukiwa na muda na masikio yaliyopumzika. Halafu Present, CD ya kwanza. Kama mpaka hapo sauti ya Hammill bado inakukera, jaribu Refugees ya mwaka 1970, wimbo wao mpole kuliko yote, kabla hujaamua. Na kama unataka kumpa mtu kipande kimoja kisicho na sauti yake kabisa, mpe Theme One, ya George Martin, waliyoitoa mwaka 1972: dakika chache za ogani na saksafoni zikifurahi, jambo ambalo kwao halikuwa la kila siku.